Buttenhausen, kijiji cha Ujerumani ambacho nusu yake walikuwa Wayahudi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ndugu na marafiki wakija kututembelea huku kusini mwa Ujerumani, wengi hutaka kuona kasri na magari ya kifahari. Vyote vipo na tunavipitia. Lakini siku moja lazima niwapeleke Buttenhausen, kijiji kidogo bondeni ambacho ukipita kwa gari bila kuambiwa chochote hutageuza hata shingo. Wakisharudi nyumbani ndipo maswali yanapoanza kumiminika kwenye simu, na mengi ni yaleyale. Nimeyaweka pamoja hapa, na majibu yangu.

Buttenhausen iko wapi hasa?

Iko kusini-magharibi mwa Ujerumani, katika jimbo la Baden-Württemberg, kwenye nyanda za juu ziitwazo Schwäbische Alb. Kutoka Stuttgart ni mwendo wa saa moja na kitu kwa gari. Kijiji kimejilaza kando ya mto Große Lauter. Jina hilo maana yake ni Lauter Mkubwa, ila aliyezoea Ruvu au Pangani atacheka. Siku hizi Buttenhausen kiutawala ni sehemu ya mji wa Münsingen.

Si ndiko alikozaliwa Levi Strauss, yule wa suruali za jinzi?

Hapana. Hilo swali nimelijibu mpaka nimechoka. Levi Strauss alizaliwa mwaka 1829 Buttenheim, kijiji kingine kabisa, kule Bavaria. Naye alikuwa Myahudi wa kijijini aliyevuka bahari kwenda Marekani, na nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho, kwa hiyo kosa linasameheka. Lakini usije ukapanda treni ya kwenda Buttenheim ukitarajia kunikuta.

Wayahudi walifikaje kijijini? Mimi nilidhani wao ni watu wa mijini.

Ulaya ya Kati ilikuwa na Wayahudi wengi wa vijijini, na sababu yake ni kufukuzwa. Mwishoni mwa zama za kati miji mingi ya Ujerumani iliwatimua. Watawala wa Württemberg waliwafungia mlango tangu miaka ya 1490, na ukafungwa hivyo kwa karne tatu. Ila Ujerumani ya wakati ule haikuwa nchi moja. Palikuwa na mamia ya vimilki, kila kimoja na bwana wake, na baadhi ya mabwana hao walitawala vijiji viwili vitatu tu. Hawa waliwajibika kwa Kaizari moja kwa moja, na sheria ya jirani mkubwa haikuwahusu.

Wengi wao hawakuwa na fedha. Myahudi aliyeruhusiwa kukaa alilipa ada ya ulinzi kila mwaka, akalipia hiki na kile, halafu akaleta biashara mahali ambapo haikuwapo. Kwa hiyo tusiwapambe mabwana hao kwa upole wasiokuwa nao. Walifungua mlango kwa sababu kuufungua kulilipa.

Buttenhausen ilikuwa ya ukoo wa von Liebenstein. Ukoo huohuo ulikwishawakaribisha Wayahudi mwaka 1777 katika kijiji chake kingine, Jebenhausen. Miaka 10 baadaye, mwaka 1787, Philipp Friedrich von Liebenstein alitoa barua ya ulinzi kwa familia 25 za Kiyahudi wakae Buttenhausen.

Barua hiyo iliwapa nini?

Iliwapa ruhusa ya kukaa, kufanya biashara, kuabudu kwa desturi zao na kuzika wafu wao. Ukiishi leo na kadi ya ukaazi mkononi utaelewa uzito wake mara moja. Bila karatasi ile mtu hakuwa na mahali pa kulala kihalali. Nasi tunaoamka saa kumi alfajiri kupanga foleni kwenye ofisi ya wageni, tukiwa na bahasha ya vielelezo kwapani, tunalijua hilo bila kusoma historia.

Sinagogi lilijengwa katika muongo uliofuata, juu ya mteremko unaoitwa Mühlsteige, na makaburi yakawekwa upande huohuo wa mlima. Mwaka 1805 kijiji kikaingizwa katika Württemberg, ile iliyokuwa imewafungia mlango. Sheria ya mwaka 1828 ikawalazimisha kuwa na majina ya ukoo ya kudumu na kupeleka watoto shule, na ikawasukuma waache uchuuzi washike ufundi na kilimo. Usawa kamili wa kisheria waliupata Württemberg mwaka 1864. Hesabu mwenyewe: kutoka 1787 hadi 1864, vizazi vitatu vilizaliwa na kuzeeka vikiwa watu wa daraja la pili mahali walipozaliwa.

Waliishi kwa kazi gani?

Mwanzoni wengi walikuwa wachuuzi, machinga hasa: kifurushi mgongoni, shamba hadi shamba, nguo, vitambaa, nyuzi, sindano. Mchuuzi aliondoka Jumapili na kurudi Ijumaa kabla jua halijazama, kwa sababu Sabato haikungoja mtu. Huko njiani hakula nyama ya mwenyeji, maana haikuchinjwa kwa sheria yake, na wengi wao sufuria yao waliiacha kwenye nyumba za watu waliowaamini ili wajipikie wenyewe.

Baadaye biashara kubwa ikawa mifugo. Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo unapoelewa kijiji. Mkulima wa Alb alikuwa na ardhi yenye mawe, watoto wengi, na fedha taslimu mara moja tu kwa mwaka, baada ya mavuno. Ng'ombe wake akifa mwezi wa tatu, benki haikuwa na habari naye. Mfanyabiashara wa Kiyahudi alimletea ng'ombe mwingine kwa mkopo, au alimwekea zizini: mkulima alishe, anywe maziwa, samadi iende shambani, ndama wakizaliwa wagawane. Wasomaji wa Kilimanjaro, Kagera au Rwanda hawahitaji kufafanuliwa. Ng'ombe wa kuwekwa kwa jirani tunamjua. Na walioingia ile miradi ya kopa mtamba lipa mtamba wanaijua hesabu yake.

Mpango huo ulimwokoa mkulima na papo hapo ukamfanya mdeni. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyemshukuru dalali mwezi wa tatu alimlaani mwezi wa tisa. Ninaposikia watu wakiuliza kama palikuwa na upendo au chuki, huwakumbusha hesabu hiyo ya zizini.

Biashara ilifungwa kwa kupeana mkono. Mnunuzi anataja bei, muuzaji anaurudisha mkono wake nyuma, wanabishana, mtu wa tatu anawashika viganja na kuvigonganisha. Wakishapigana kiganja, neno limepita, hakuna karatasi. Wayahudi walimalizia kwa kutakiana heri na baraka kwa Kiebrania, na wakulima Wakristo nao wakazoea kuyatamka maneno hayohayo.

Walizungumza lugha gani?

Kijerumani cha huku, lafudhi ya Kiswabia kama jirani zao, kikiwa na maneno ya Kiebrania yaliyochanganywa. Kiebrania chenyewe kilikuwa cha sala na masomo. Kwenye soko la mifugo palikuwa na lahaja ya kazi: farasi aliitwa kwa neno linalotokana na *sus* la Kiebrania, ng'ombe kwa neno linalotokana na *para*, na bei zilitajwa kwa herufi za Kiebrania zikisimama badala ya namba. Ilisaidia madalali wawili wazungumze bei mbele ya mnunuzi asielewe. Mbinu ya madalali popote, hata Kariakoo wana yao. Tofauti ni kwamba huku Wakristo waliofanya biashara hiyo walijifunza, na lahaja ikabaki midomoni mwao hata baada ya wenyewe kutoweka. Mjerumani wa leo anayesema *meschugge* akimaanisha mwenda wazimu, au *Tacheles* akimaanisha kuongea waziwazi, anaazima kutoka ghala hilohilo.

Je, waliishi vizuri na Wakristo?

Karibu kila kijiji cha aina hii kitakuambia, "Kwetu tuliishi kama ndugu." Ukweli uko katikati, na si katikati tamu.

Yapo mengi ya kweli. Katika vijiji hivi Wakristo waliingia nyumba za Wayahudi siku ya Sabato kuwasha jiko, maana kuwasha moto siku hiyo ni mwiko, nao wakapewa kipande cha mkate ulioitwa Berches, uliosukwa na kunyunyiziwa mbegu za mpopi. Wakati wa Pasaka mikate isiyotiwa chachu ilivuka ua kwenda kwa jirani. Nyumba za kwanza za Wayahudi Buttenhausen zilikuwa upande wa Mühlsteige, lakini baadaye familia zilisambaa. Kufikia miaka ya 1870 Wayahudi walizidi 400 na walikuwa karibu nusu ya wakazi wote, na kwa wakati fulani hata zaidi ya nusu. Watu wengi kiasi hicho huwezi kuwaita wageni.

Lakini kuoana ilikuwa nadra mno, kila upande ulizika kwake, na madeni yalikuwa palepale. Ujirani huo ulikuwa wa kweli, ila ulikuwa na kipimo chake. Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, kipimo kikaonekana.

Nani maarufu aliyetoka hapo?

Lehmann Bernheimer, aliyezaliwa mwaka 1841, alikwenda München na mwaka 1864 akaanzisha duka la vitambaa lililokuja kuwa mojawapo ya maduka makubwa ya mazulia, samani za kale na sanaa nchini. Jumba lake liko Lenbachplatz mpaka sasa. Alipotajirika hakusahau kwao. Alitoa fedha za kujenga shule ya sekondari Buttenhausen, na watoto wa Kiyahudi na wa Kikristo walisoma pamoja humo. Jengo hilo bado lipo na ndani yake kuna makumbusho ya Wayahudi wa kijiji. Mtoto wa mkulima aliyetaka kusoma zaidi ya shule ya msingi hakuhitaji tena kwenda kupanga chumba mjini, na hilo kwa kijiji ni jambo kubwa.

Mwingine ni Karl Adler, mwanamuziki aliyezaliwa mwaka 1890. Aliongoza chuo cha muziki Stuttgart mpaka Wanazi walipomwondoa. Badala ya kukimbia mapema, alibaki akiendesha elimu na muziki kwa Wayahudi waliofungiwa milango ya kumbi zote, kisha akaongoza ofisi iliyowasaidia wenzake kutoka nchini. Yeye mwenyewe aliondoka mwishoni kabisa, akafika Marekani, akafundisha katika chuo kikuu cha Yeshiva, New York. Alifariki mwaka 1973.

Na Matthias Erzberger? Alikuwa Myahudi?

Hakuwa. Alikuwa Mkatoliki, tena katika kijiji cha Walutheri na Wayahudi, ambako Wakatoliki walihesabika kwa vidole. Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1875, mtoto wa fundi cherehani ambaye pia alisambaza barua. Nyumba yake ya kuzaliwa ni makumbusho tangu mwaka 2004, na ndiyo inayoleta wageni wengi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake binafsi ya kumjua mtu huyu. Akiwa mbunge kijana mjini Berlin, mwaka 1905 na 1906, wakati Maji Maji ikiwaka kusini mwa Tanganyika, Erzberger alisimama bungeni akafichua uoza wa utawala wa makoloni: mikataba ya upendeleo kwa makampuni, ukatili wa maofisa, fedha za umma zikiliwa. Usimfanye mpigania uhuru, hakuwa. Alitaka ukoloni wenye mahesabu safi. Lakini kelele zile zilichangia serikali kumweka Bernhard Dernburg, mtu wa benki mwenye asili ya Kiyahudi upande wa baba, kusimamia makoloni, naye akaja mwenyewe Afrika Mashariki mwaka 1907 kujionea.

Halafu tarehe 11 Novemba 1918, ndani ya behewa la treni kwenye msitu wa Compiègne huko Ufaransa, ni Erzberger aliyeongoza ujumbe wa Ujerumani na kutia saini kusitisha vita. Ibara ya 17 ya mkataba ule iliwataka wanajeshi wa Kijerumani waondoke Afrika Mashariki. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, aliyekuwa bado porini na askari na wapagazi wake, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Kwa hiyo vita ile iliyotuachia jina la Kariakoo, kimaandishi iliisha kwa kalamu ya mtoto wa fundi cherehani wa Buttenhausen. Kila nikisimama mbele ya nyumba ile na mgeni kutoka Songea au Kilwa, namwambia hilo kwanza, kabla ya mengine.

Saini hiyo ilimuua. Wazalendo wenye siasa kali walimwita msaliti. Alikuwa waziri wa fedha mwaka 1919 hadi 1920, akajenga mfumo wa kodi ambao misingi yake ipo hata leo, na tarehe 26 Agosti 1921 akapigwa risasi akitembea msituni karibu na Bad Griesbach. Wauaji walikuwa wawili. Wanazi walipotwaa madaraka waliwasamehe, na ilibidi vita ya pili iishe ndipo wahukumiwe.

Idadi ya Wayahudi ilipungua kwa sababu ya Hitler?

Ilianza kupungua kabla yake, na watu wengi hulikosea hili. Walipopata uhuru wa kwenda watakako, vijana walifanya kama vijana wa kila kijiji: wakaenda mjini. Stuttgart, München, wengine New York. Kabla ya vita ya kwanza walikwisha kushuka chini ya 200, na Hitler alipoingia madarakani walikuwa hawafiki 100. Waliobaki wengi walikuwa watu wazima wenye nyumba, mashamba kidogo na wateja waliorithi kwa baba zao. Watu wa aina hiyo hawang'oki haraka.

Usiku wa Novemba 1938 kulitokea nini?

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938, masinagogi yalichomwa Ujerumani nzima kwa amri kutoka juu. Buttenhausen, wanamgambo wa SA, kikosi cha chama cha Nazi, walikuja na kulitia moto sinagogi. Kikosi cha zimamoto cha kijiji kikatoka na kuuzima. Wanamgambo wakarudi, wakawasha tena, na safari hii hakuna aliyeruhusiwa kuzima. Meya wa kijiji alijaribu kuwapinga, akashindwa. Jengo lililosimama zaidi ya miaka 140 likawa majivu.

Habari ya zimamoto hupendwa sana na wanaoongoza wageni, nami naipenda. Wakulima wenye mabomba ya maji walifanya kazi yao usiku ule kama ambavyo wangeifanya zizi la yeyote likiwaka, na katika Ujerumani ya mwaka 1938 hilo halikuwa jambo dogo, maana vikosi vingi viliagizwa vilinde nyumba za jirani tu na sinagogi viliache liungue. Ila sinagogi liliungua vilevile. Anayekuambia nusu ya kwanza akaacha ya pili anakudanganya kwa adabu.

Wanaume wa Kiyahudi wa Württemberg walikamatwa siku zile na kupelekwa kambi ya Dachau. Leseni za biashara ya mifugo zilikuwa zimefutwa au zilikuwa mbioni kufutwa, kwa hiyo hata aliyeachiwa na kurudi hakuwa na kazi ya kurudia.

Waliobaki walipatwa na nini?

Waliopata viza waliondoka, kwenda Marekani, Palestina na kwingineko. Kisha serikali ikakigeuza kijiji kuwa mahali pa kuwatupa wengine: kuanzia 1940 Wayahudi wa Stuttgart, hasa wazee, walitolewa kwenye nyumba zao na kurundikwa Buttenhausen na vijiji vingine vichache. Bibi aliyezoea taa za mjini na daktari wa mtaa wa pili alijikuta chumba kimoja na watu asiowajua, kwenye baridi ya Alb.

Tarehe 1 Desemba 1941 treni ya kwanza ilitoka Stuttgart kwenda Riga ikiwa na watu wapatao 1,000 kutoka Württemberg nzima, waliokusanywa kwenye viwanja vya maonyesho vya Killesberg. Aprili 1942 nyingine ikaenda Izbica, Poland. Agosti 1942 wazee wakapelekwa kambi ya Theresienstadt. Watu wa Buttenhausen walikuwamo katika safari hizo. Mwalimu wa mwisho wa jumuiya, Naphtali Berlinger, aliyekuwa pia amekusanya historia ya Wayahudi wa kijiji, alikufa Theresienstadt.

Mali zao zilipigwa mnada. Vitanda, masufuria, mashuka. Walionunua walikuwa watu wa maeneo yaleyale, na hiyo ndiyo sura ambayo vijiji vya Ujerumani vilichelewa sana kuisimulia.

Kuna Wayahudi wa Ujerumani waliokimbilia Afrika Mashariki?

Ndiyo, Kenya hasa, miaka ya 1930. Waingereza walidai dhamana ya fedha au ahadi ya kazi, kwa hiyo wanasheria na wenye maduka walijikuta wasimamizi wa mashamba. Vita ilipoanza mwaka 1939 Waingereza wakawakamata kama raia wa adui. Mtu amemkimbia Hitler, halafu anafungwa kwa kuwa Mjerumani. Kwa watu wa Buttenhausen njia kuu ilikuwa Marekani, kwa sababu kule walikuwa na ndugu waliotangulia tangu karne ya 19.

Leo kuna Wayahudi Buttenhausen?

Jumuiya haikurudi. Wazao huja kama wageni, mara nyingi watu wa makamo kutoka Marekani au Israel wakiwa na picha ya nyumba mkononi. Kijijini kuna jiwe lenye majina ya waliouawa, na pale lilipokuwa sinagogi pana jiwe la kumbukumbu kwenye nyasi. Kwa miaka mingi palikuwa kimya, mpaka wakazi wachache walipoanza kusafisha makaburi na kuwaandikia manusura barua, bila kuagizwa na mtu. Baadhi ya majirani hawakupendezwa mwanzoni.

Makaburi yanaruhusiwa kutembelewa? Kuna miiko?

Yanaruhusiwa, na ndiyo sehemu nisiyoiruka. Mwanamume afunike kichwa, kofia yoyote inatosha. Usiende Jumamosi. Usikanyage makaburi, usile humo.

Safari moja nilikwenda na shangazi wa mke wangu aliyekuja kutoka Moshi. Alipoona nyasi ndefu na mawe mengine yameinama, akavua mtandio, akajifunga kiunoni, akaanza kung'oa magugu kaburi la kwanza. "Shangazi, acha," nikamwambia, "wao hawafanyi hivyo." Akanyanyuka na konzi ya nyasi. "Mwanangu, wafu hawa hawana watoto?" Ikabidi nimweleze. Kwa Wayahudi kaburi ni mali ya aliyelala, milele. Haliguswi, halifukuliwi, hazikwi mtu mwingine juu yake. Kwenye makaburi ya kawaida ya Ujerumani shimo hukodishwa kwa miaka 20 au 25 hivi. Mkataba ukiisha na familia isipolipa, jiwe linaondolewa na nafasi anapewa mwingine. Hilo lilimshtua kuliko yote aliyoyasikia siku ile. Akakaa juu ya ukuta akisema, "Wanapangisha?" mara mbili.

Halafu tukasoma mawe. Ya zamani yana Kiebrania peke yake, ya baadaye yana Kiebrania mbele na Kijerumani nyuma au chini yake, na kadiri miaka inavyosonga Kijerumani kinaongezeka. Juu kabisa utaona herufi mbili, ufupisho wa "hapa amezikwa". Chini kuna herufi tano, ufupisho wa ombi kwamba nafsi yake ifungwe katika furushi la uhai, maneno yanayotoka 1 Samweli 25:29. Shangazi ni mtu wa kwaya. Aya hiyo alikuwa akiijua. Mikono miwili iliyonyooshwa ni ya ukoo wa makuhani, mtungi wa maji ni wa Walawi. Nguzo iliyokatwa katikati, huyo alikufa kijana.

Maua hayawekwi, linawekwa jiwe dogo. Yeye alichagua la mviringo kutoka njiani, akalipangusa kwa khanga kwanza.

Babu yangu alifanya kazi na familia ya Kiyahudi kutoka Ujerumani. Nitafutaje majina yao?

Anza na kitabu cha kumbukumbu ya waliouawa cha Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, kipo kwenye intaneti na kinapekuliwa kwa jina au kwa mji. Yad Vashem, kituo cha kumbukumbu kilichoko Yerusalemu, wana hazina kubwa ya majina, na hifadhi ya Arolsen, Ujerumani, ina nyaraka za kambi na za watu waliohamishwa. Kama familia ilifika Marekani, Taasisi ya Leo Baeck, New York, imeweka wazi makusanyo mengi ya barua na picha. Tatizo ni mwandiko: Kijerumani cha mkono cha zamani hata Wajerumani vijana hawakisomi. Tafuta mzee.

Wazao wanaweza kupata uraia wa Ujerumani?

Wanaweza. Amri ya Novemba 1941 iliwavua uraia Wayahudi wote waliokuwa nje ya nchi, na katiba ya sasa, ibara ya 116, inawapa wao na wazao wao haki ya kuudai tena. Kazi ni kutafuta vyeti.

Nipangeje safari?

Panda treni au basi hadi Münsingen, kisha basi la kushuka bondeni. Jumapili mabasi ni machache, usije ukalala huko. Makumbusho yote mawili hayafunguliwi kila siku, uliza kwanza kwenye ofisi ya utalii ya Münsingen. Anza na nyumba ya Erzberger, halafu shule ya Bernheimer, uvuke mto, upande Mühlsteige mpaka makaburini. Nusu siku inatosha, siku nzima ni bora. Vaa viatu vyenye meno: njia ya kupanda ina mteremko, na ikinyesha inateleza.